Ukumbini Kimya, Kundini Gumzo

Mhadhiri akifika slaidi ya mwisho huuliza, kwa Kiingereza, kama kuna mwenye swali. Wanafunzi mia tatu wanainamisha vichwa. Anangoja kidogo, anachomoa waya wa projekta, anaaga. Hajafika hata ofisini kwake, kundi la WhatsApp la darasa limeshachemka: nani kaielewa ile slaidi ya kumi na mbili? Mbona mfano aliotoa haulingani na wa kwenye kitabu? Jamani, aliyeelewa atusaidie. Anatokea mmoja, anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili, anaeleza kwa Kiswahili jambo ambalo kipindi kizima hakikulifikisha. Wanamshukuru, wanamuuliza zaidi, mwingine anamkosoa, na somo linaendelea hadi usiku.

Aliyepita chuo kikuu nchini Tanzania katika miaka kumi hii anaijua hali hiyo. Kwa maoni yangu, uchambuzi wowote wa mitandao ya kijamii na teknolojia shirikishi katika elimu ya juu unapaswa kuanzia hapo. Kwa kawaida huanzia kwenye vifaa: chuo kina projekta ngapi, kasi ya intaneti ni ipi, simu ziruhusiwe ukumbini au zipigwe marufuku. Maswali hayo yana nafasi yake, ila hayagusi kiini, yaani nani anazungumza darasani, lini, na kwa lugha gani. Simu imeshawapa wanafunzi wetu mahali pa kuzungumza. Taabu ni kwamba mahali hapo pako nje ya somo, mhadhiri hayupo, na chuo hakihesabu kinachofanyika pale kuwa ni kujifunza.

Tumefikaje hapa? Teknolojia ya kufundishia ilipoanza kuzungumzwa kwa matumaini makubwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, ilikuja kama njia ya kusafirishia mihadhara. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa AVU, chuo kikuu cha mtandaoni cha Afrika, uliorusha masomo kwa setilaiti kutoka vyuo vya Ulaya na Amerika Kaskazini hadi kwenye vituo vya huku kwetu, vyuo vikuu vya Kenyatta na Makerere vikiwamo. Mwanafunzi alikaa mbele ya skrini akatazama. Baadaye makao ya AVU yalihamia Nairobi na namna ya kufundisha ikabadilika, lakini ile dhana ya mwanzo, kwamba maarifa yanatoka kwingine na kazi ya mwanafunzi ni kupokea, imeendelea kuishi katika mipango mingi iliyofuata.

Kisha ikaja mifumo ya kusimamia masomo. Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas nchini Australia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ilipokelewa vizuri kwa kuwa ni ya bure na chuo kinaweza kuiendesha kwenye seva zake chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitumia, na Makerere imejenga juu yake mfumo wake wa MUELE. Dougiamas aliitengeneza akiamini kwamba watu hujifunza wanapoulizana na kujengeana hoja, ndiyo maana ndani yake mna majukwaa ya mjadala, faharasa ambazo wanafunzi huziandika wenyewe na nafasi ya kusahihishana kazi. Fungua leo kozi nyingi za Moodle utakuta muhtasari wa kozi, slaidi za PDF na tarehe ya kukabidhi kazi, basi. Chombo kilichokusudiwa mazungumzo kimegeuzwa kabati la mafaili.

WhatsApp haikupitia kwenye kikao chochote cha seneti. Iliingia chuoni mifukoni mwa wanafunzi, na ilishinda kwa sababu za mifukoni vilevile. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko bando la intaneti ya kawaida, hivyo mwanafunzi aliyeishiwa aliweza kuwa hewani WhatsApp siku nzima huku tovuti ya chuo chake haifunguki. Ujumbe wa maandishi hula data kidogo sana na hufika hata mtandao ukisuasua. Hata ukomo wa programu yenyewe uliamua sura ya darasa: tangu 2016 kundi moja halikuweza kuzidi watu 256, mpaka 2022 idadi ilipopandishwa kuwa 512 na baadaye mwaka huohuo 1,024. Kwa hiyo kozi kubwa za lazima, kama Development Studies ambayo wanafunzi huiita DS, zilisambaratika katika makundi kadhaa, kila moja likiwa na admini wake, uvumi wake na madesa yake.

Anayeendesha haya yote ni CR, kiongozi wa darasa. Ndiye mwenye namba ya mhadhiri. Ndiye anayeambiwa kipindi kimehamia ukumbi mwingine, ndiye anayetumiwa slaidi, ndiye anayekusanya majina ya waliokosa test, na ndiye anayelaumiwa tangazo likichelewa. Vyuo vimejipatia ofisi nzima ya mawasiliano bila gharama, na waajiriwa wake ni vijana ambao walipaswa kuwa wanasoma. Wanastahili shukrani, na wanastahili zaidi ya shukrani.

Ukisoma mtiririko wa kundi la kawaida utaona matangazo, mitihani ya miaka iliyopita, picha za ubao zilizopigwa kwa haraka, dua za asubuhi na biashara ya viatu. Katikati ya hayo yote kuna maelezo, mwanafunzi akimfafanulia mwenzake. Hakuna aliyeyaagiza wala anayeyapa alama. Ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayozama haraka kuliko zote, kwa sababu ifikapo kesho imefunikwa na jumbe mia mbili.

Kwa nini mwanafunzi yuleyule aliyenyamaza ukumbini anafunguka kundini? Watu hutaja aibu, malezi ya kutowahoji wakubwa, woga wa kuchekwa. Vyote vipo. Ila kikubwa zaidi ni lugha. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakabidhiwa karibu kila somo kwa Kiingereza. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilishaonya kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi nchini hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Tangu 2002 mradi wa LOITASA, uliowakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ukalichunguza suala hilo kwa kina, na wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo wameeleza kwa miaka mingi jinsi darasa linavyonyamaza pale lugha ya kufundishia inapogeuka kizuizi. Kazi zao nyingi zinahusu sekondari. Chuo kikuu huwapokea wahitimu wa sekondari hizohizo, kisha hushangaa kwamba hawaulizi maswali.

Kundi la WhatsApp ni chumba cha kwanza katika elimu yetu ya juu ambamo wanafunzi wamejichagulia lugha, bila waraka wala kamati. Istilahi zinabaki za Kiingereza, kwa sababu ndizo zitakazokuja kwenye mtihani, lakini hoja yenyewe inatembea kwa Kiswahili. Kwamba watu hawapunguzi sana kununua chumvi hata bei ikipanda, na kwamba sivyo ilivyo kwa nyama, hilo linaelezwa kwa maneno ya sokoni, kisha jina lake la kitaalamu linabandikwa juu. Mhadhiri angeusikia ufafanuzi huo angejua mara moja nani ameelewa na nani amekariri. Hausikii.

Wapo wanaodhani mijadala ya namna hii haiwezi kubeba mambo mazito. Nawakumbusha Kenya ya Juni 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka ule, wenye lugha ya kisheria iliyokaza, ulipasuliwa kifungu kwa kifungu na vijana kwenye TikTok na X, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo au waliomaliza juzi. Waliutafsiri kwa Kiswahili, Sheng na lugha za makabila yao. Walieleza maana ya kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ingemgusa nani. Walifungua vikao vya sauti vilivyokesha, ambamo aliyesoma sheria alimjibu muuza mitumba. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Vijana waliuawa katika maandamano yale na sitaki kuwataja kwa kupita tu. Ila kwa suala tunalochambua hapa, ushahidi ni mzito: kizazi kinachoambiwa hakina hamu ya kusoma kilijifundisha fedha za umma kwa wiki chache, kwa vyombo vilevile ambavyo vyuo vinaviona ni vya kupotezea muda.

Tuangalie sasa yaliyojaribiwa kwingine, tukiyasoma kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake walioweza kukokotoa hesabu ngumu za mtihani walikwama kwenye maswali mepesi ya dhana, mfano lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi. Akabadili kipindi. Alizungumza dakika chache, akatoa swali moja la kuchagua, kila mwanafunzi akajibu peke yake, kisha akawataka wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake. Wakapiga kura upya. Mara nyingi majibu sahihi yaliongezeka bila yeye kuongeza neno. Maelezo yake yanaingia akilini: aliyelielewa jambo dakika tano zilizopita bado anakumbuka lilimkwamisha wapi, ilhali profesa aliyelielewa miaka mingi nyuma ameshasahau kwamba liliwahi kuwa gumu.

Baadaye vikaenea vifaa vidogo vya kupigia kura darasani, na utafiti ukaongezeka. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha jaribio la Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001, lililofanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Kwa wiki moja darasa kubwa lilifundishwa kwa mhadhara na mwalimu mzoefu anayesifiwa na wanafunzi wake. Darasa jingine lilipewa walimu wasio na uzoefu, ila waliotumia maswali, majadiliano na kura. Walipopimwa, darasa la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41 na la pili asilimia 74. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni: katika mihadhara ya kawaida waliofeli walikuwa asilimia 33.8, na katika madarasa ya kushirikisha asilimia 21.8.

Takwimu kama hizi hupendwa na wauzaji wa vifaa, na hapo ndipo pa kuwa macho. Katika utafiti uliochapishwa 2008, Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia Quebec, alilinganisha darasa lililotumia vifaa vya kura na darasa lililotumia kadi za karatasi zenye herufi. Njia ya kufundisha ilikuwa ileile ya Mazur. Kiasi cha kujifunza hakikutofautiana. Kilicholeta matokeo ni swali zuri, muda wa kufikiri peke yako, na wajibu wa kumweleza mwenzako. Kifaa kilimsaidia mwalimu kuhesabu tu.

Hivyo chuo kisicho na fedha hakina sababu ya kungoja. Lakini pia sikubaliani na wanaosema simu haiongezi kitu. Katika kumbi zetu inaongeza mambo mawili ambayo karatasi haiyawezi. Inamruhusu mwanafunzi kujibu bila kutajwa jina, na hilo ni jambo kubwa pale ambapo kukosea Kiingereza mbele ya watu mia tatu ni fedheha ya muhula mzima. Pia inahifadhi kilichosemwa, kwa hiyo maelezo ya mwanafunzi wa mstari wa nyuma yanaweza kusomwa na wote, kusahihishwa na mhadhiri na kurejewa wakati wa kujiandaa na mtihani.

Nieleze kwa mfano, maana jambo hili likibaki hewani linaonekana rahisi kuliko lilivyo. Mhadhiri wa uchumi ana wanafunzi wa mwaka wa kwanza na amefundisha sheria ya mahitaji. Badala ya kuuliza kama wameelewa, anaandika ubaoni: bei ya petroli mjini imepanda mwezi huu, na lita zilizouzwa nazo zimeongezeka, je, sheria ya mahitaji imevunjika? Majibu ni matatu. Ndiyo, imevunjika. Hapana, kwa sababu ugavi umeongezeka. Hapana, kwa sababu mahitaji yenyewe yamehama, pengine magari na bodaboda zimeongezeka. Wanapiga kura kwa simu, kila mtu peke yake, dakika moja. Iwapo kura zimegawanyika, mhadhiri hasemi lipi ni sahihi. Anawaambia wageukiane, na anatamka wazi: zungumzeni kwa lugha mnayoelewana. Ukumbi unalipuka kwa sauti. Yeye anatembea katikati ya mistari akisikiliza, na hapo anagundua kwamba waliochagua jibu la pili hawajui kuwa ugavi ukiongezeka bei ingeshuka. Kura ya pili inapigwa. Mmoja wa waliobadili jibu anaeleza kwa nini amebadili. Ndipo mhadhiri anarudi ubaoni, anachora mikunjo miwili na kuyaunganisha maneno yao na istilahi za Kiingereza watakazoandika kwenye mtihani.

Zoezi hilo linakula robo ya kipindi. Ndiyo, slaidi kadhaa zitabaki hazijafunguliwa, na wahadhiri wengi huishia hapo: silabasi haitaisha. Swali langu kwao ni imeisha kwa nani. Slaidi sitini zilizosomwa kwa sauti mbele ya watu walionyamaza zinamaliza silabasi ya mhadhiri peke yake. Zinaweza kuwekwa Moodle zikasomwa usiku.

Kuna upinzani mwingine wenye nguvu zaidi, na sina nia ya kuupunguza. Simu hutawanya akili. Mwaka 2013 Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, watafiti nchini Kanada, walionyesha kwamba mwanafunzi anayefanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara hupata alama pungufu kwa asilimia 11, na aliyekaa mahali anapoiona skrini ya mwenzake hupoteza asilimia 17, ingawa yeye hakugusa kitu. Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba madarasa yaliyoruhusiwa kompyuta na tableti yalifanya vibaya zaidi kwenye mtihani wa uchumi kuliko yaliyokatazwa, na hao ni wanajeshi wenye nidhamu. Anayesema tuwaachie wanafunzi simu wazi saa nzima kwa jina la ushirikishwaji hajausoma ushahidi huu.

Naona jibu liko kwenye muda. Simu itoke pale swali linapoulizwa na irudi mfukoni kura ikifungwa. Hilo linahitaji mhadhiri aliyepanga kipindi chake dakika kwa dakika, na wanafunzi wanaojua kwa nini wanaambiwa hivyo. Wanafunzi wenyewe wanaweza kulalamika. Mwaka 2019 Deslauriers na wenzake, safari hii Harvard, walikuta kwamba walioshirikishwa darasani walijifunza zaidi lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri. Kufikiri kunachosha, na mhadhara mtamu humpa msikilizaji hisia ya kuelewa. Mhadhiri anayebadili njia awaambie jambo hili siku ya kwanza, la sivyo fomu za tathmini za mwisho wa muhula zitamrudisha kwenye slaidi.

Mitandao ya kijamii nje ya saa za kipindi nayo imepimwa. Katika utafiti uliochapishwa 2011, Reynol Junco na wenzake walifuatilia wanafunzi 125 nchini Marekani, 70 kati yao wakitumia Twitter kama sehemu ya kozi. Hao walishiriki zaidi katika mambo ya masomo na wakapata wastani wa juu wa alama muhula ule. Ukisoma namna walivyoendesha jaribio utaona walimu walikuwamo wakijibu na kuuliza, na kazi zilipangwa zipitie humo. Yaani kilichofaulu ni kile makundi yetu yasicho nacho. Kundi letu lina wanafunzi wote na halina mwalimu. Moodle yetu ina mwalimu na haina mazungumzo.

Sasa gharama. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, tulionyeshwa kila ufa. Tanzania ilifunga vyuo tarehe 18 Machi na kuvifungua 1 Juni, na kwa wanafunzi wengi katikati hapo masomo yalisimama. Kenya vyuo vingi vilihamia Zoom na Google Meet, na aliyerudi kijijini kwa wazazi akajikuta anapanda kilima kutafuta mtandao. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti. Kwa mwanafunzi wa Tanzania anayetegemea mkopo, posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Kila gigabaiti inakatwa kwenye sahani yake. Aprili 2021 viwango vipya vya vifurushi vilipopandisha bei nchini, kelele zilikuwa kubwa hata vikasitishwa mara moja. Kwa hiyo kazi yoyote ya darasani inayohitaji intaneti ifanyike pale chuo kinapolipia, ukumbini au kwenye vimbweta vyenye Wi-Fi inayofanya kazi kweli. Kazi za nyumbani ziwe za maandishi na sauti, video iwe nadra. Na pasipo na mtandao, kadi. Ipo programu ya Plickers inayomwezesha mwalimu kusoma kadi za wanafunzi wote kwa kamera ya simu yake moja, wao wakiwa hawana simu kabisa. Seti zake huishia kadi 63, hivyo inafaa semina, ukumbi wa mia tatu haiuwezi.

Kuna pia hatari ya kujenga darasa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, kisha 2021 ikabadili na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Januari mwaka huo, wakati wa uchaguzi, intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa baada ya hapo. Tanzania nako, uchaguzi wa Oktoba 2020 uliambatana na kuzuiwa kwa WhatsApp na Twitter. Chuo ambacho matangazo, kazi na majadiliano yake yote yako WhatsApp kinaweza kufungwa na mtu ambaye hata hakukusudia kukifunga. Vyuo vya Kenya vina mtandao wao wa pamoja wa KENET, vya Tanzania vina TERNET, na seva za Moodle ziko kwao wenyewe. Maelezo bora ya wanafunzi yahamishiwe huko kila wiki, yahifadhiwe kwa mada, yabaki kuwa mali ya kozi.

Usalama ni suala ambalo wanaume wengi wanaoandika juu ya teknolojia hulipita haraka. Kuingia kwenye kundi la WhatsApp ni kuonyesha namba yako kwa watu mia kadhaa, na kwa mwanafunzi wa kike namba hiyo huanza kupokea jumbe za usiku ambazo hakuziomba. Mhadhiri akiwa ndani ya kundi, mlango wa mazungumzo ya faragha unafunguka kwake pia. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai Tanzania chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na kila mtu vyuoni anajua kwa nini kifungu hicho kiliandikwa. Nikisema mhadhiri aingie kwenye mazungumzo ya wanafunzi, basi aingie mahali penye mashahidi: jukwaa la chuo, lisiloonyesha namba, lenye kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa, na mwiko wa kujadili alama faraghani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019. Matokeo ya test yenye majina na namba za usajili bado yanapigwa picha na kutupwa kundini, na sioni jinsi tabia hiyo inavyopatana na sheria hizo.

Wanafunzi wenye ulemavu husahaulika pande zote mbili, kundini na kwenye Moodle. Ujumbe wa sauti unamfaa asiyeona na unamwacha kiziwi. PDF iliyotengenezwa kwa kupiga picha kurasa za kitabu haisomeki na programu ya kusoma skrini, kwa sababu kwake hiyo ni picha tu. Kuandika mistari mitatu ya muhtasari chini ya kila ujumbe wa sauti kunachukua dakika moja, na kanuni hiyo inaweza kuanza leo katika kundi lolote.

Juu ya akili mnemba sitakaa sana. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, insha ya nyumbani imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuonyesha mwanafunzi anajua nini. Hilo linaongeza thamani ya kumsikia akieleza papo hapo, akiulizwa na mwenzake na kujibu kwa maneno yake.

Yote haya yatakwama kwenye alama. Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula hubeba 40 na mtihani wa mwisho, UE, hubeba 60. Kenya mgawanyo wa 30 kwa 70 ni wa kawaida. Mwanafunzi mwenye busara huwekeza palipo na alama, ndiyo maana makundi hujaa mitihani ya zamani. Mhadhiri naye hupandishwa cheo kwa machapisho, na hakuna anayemuuliza aliandaa maswali mangapi mazuri ya kipindi. Idara ikitenga alama kumi kati ya zile 40 kwa maelezo ambayo mwanafunzi amewapa wenzake, kwa maandishi au sauti, kwa Kiswahili au Kiingereza, kila mmoja akiwajibika kwa mada mbili kwa muhula, kile kinachofanyika usiku bila shukrani kitakuwa sehemu ya kozi. CR atambuliwe kwa posho au kwa muda, kama wanavyotambuliwa wasaidizi wengine wa chuo. Mhadhiri anayeandaa benki ya maswali ya dhana ahesabiwe kazi hiyo kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Mapendekezo haya hayahitaji seva mpya wala mfadhili. Yanahitaji kuandikwa, kupita kwenye kikao cha idara, kisha ndaki, kisha seneti, kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa.